Rimu nne za Altezza kabla ya Idd

Jumamosi, 1 Februari 2025

Nimeamua. Rimu zote nne zinavuliwa, zinatolewa matairi, zinabanduliwa rangi mpaka alumini tupu ionekane. Ndipo nijue nina nini.

Tatizo lilianza kwenye mvua za vuli. Usiku mmoja niliingiza tairi la mbele kushoto kwenye shimo lililojaa maji, nikidhani ni dimbwi tu. Tangu siku hiyo gari likifika kilomita 85 kwa saa usukani unacheza mikononi, na likivuka 100 linatulia kidogo. Tairi hilohilo halishiki upepo: Jumapili nalijaza PSI 33, Ijumaa limebaki na 21. Fundi tairi wa hapa mtaani ameshalikagua mara mbili akitafuta msumari, hakuna kitu.

Gari ni Toyota Altezza, na rimu ni zilezile lilizotoka nazo kiwandani: inchi 17, upana 7, nati tano. Tairi ni 215/45. Hiyo 45 ndiyo inayoumiza watu wenye rimu za spoti kwenye barabara zetu. Maana yake ukuta wa tairi ni asilimia 45 ya upana wake, na upana ni milimita 215, kwa hiyo kati ya alumini na shimo una mpira usiofika sentimita kumi. Shimo likiwa na ncha kali, mpira unabinywa mpaka mwisho na pigo lote linaishia kwenye rimu.

Kuna na pantoni, kile kivuko cha magari. Mimi nakaa Kigamboni, Dar es Salaam, na kwa miaka mitatu nimevuka karibu kila siku ya kazi. Gari linashuka kwenye mlango wa pantoni palipolowa maji ya bahari, matairi yanayabeba, jua linayakausha, chumvi inabaki. Kesho yake tena. Ukitazama rimu zangu kwa karibu utaona chini ya rangi ya juu vijia vyeupe vilivyopindapinda kama njia za minyoo. Hiyo ni kutu ya alumini inayotembea kati ya rangi na chuma, ikianzia popote rangi ilipokwaruzwa.

Kikomo changu ni Idd. Mama anataka kwenda Tanga kuwaona dada zake, na mwaka huu Idd inaangukia mwishoni mwa Machi. Masika nayo huanza Machi. Nina Jumamosi nane, zikikaa sawa.

Jumamosi, 8 Februari

Gari liko juu ya mawe uani. Rimu nimeziandika nyuma kwa chaki: 1 mbele kushoto, 2 mbele kulia, 3 nyuma kushoto, 4 nyuma kulia.

Kabla ya kutoa matairi tuliyatumbukiza moja moja kwenye beseni kubwa la kufulia. Namba 1 ilitoa mapovu mara moja, si kwenye mpira wala valvu, bali pale mdomo wa tairi unapokaa juu ya rimu, upande wa ndani, urefu wa kiganja. Namba 4 ilitoa povu moja moja, la kuhesabu. Namba 2 na 3 kimya.

Fundi tairi alipozitoa nilimwomba aweke vipande vya mpira kwenye meno ya mashine, akaviweka bila neno. Ndani hali ni mbaya kuliko nilivyofikiri. Pale mdomo wa tairi unapokaa pamejaa unga mweupe mgumu, na mbaya zaidi ni palipokuwa na vile vizito vya balansi, vya chuma, vya kubania ukingoni. Chuma kikigusana na alumini, katikati kukiwa na maji ya chumvi, vinakuwa kama betri ndogo, na alumini ndiyo inayoliwa. Chini ya kila kizito kuna shimo lenye umbo la kizito chenyewe. Sitavirudisha tena, nitatumia vya kubandika upande wa ndani.

Tulizizungusha kwenye mashine ya balansi tukizipima kwa ile saa ya wakerezaji yenye sindano. Namba 1 inayumba milimita 2.8 ukingo wa ndani. Namba 2 ni 0.6. Namba 4 ni 0.9. Namba 3 ni 0.4, nzuri kuliko zote, na hata kwa macho ndiyo safi kuliko zote, rangi yake karibu haina mkwaruzo. Kikomo nilichojiwekea ni milimita 1. Kwa hiyo kazi ya kunyoosha ni moja tu.

Jumapili, 9 Februari

Leo ni kubandua rangi. Kijana wa jirani anayetengeneza sabuni alikuja na ndoo ya kostiki soda akasema, kaka, hii inakula rangi dakika kumi. Ni kweli inakula rangi, lakini inakula na alumini. Kostiki ikikutana na alumini inachemka, inatoa joto na gesi ya haidrojeni inayowaka, na unachobaki nacho ni rimu nyeusi yenye uso uliotoboka. Tulijaribu kwenye kipande cha sufuria kuukuu ili aone mwenyewe. Aliirudisha ndoo yake kwa uangalifu sana.

Ninatumia dawa ya kubandua rangi ya dukani, ile ya kupaka kwa brashi. Unapaka nene, unafunika na mfuko wa plastiki isikauke, unasubiri nusu saa, rangi inakunjamana unaikwangua kwa kipande cha mbao. Glavu ndefu, miwani, na watoto wote nje ya ua. Tone moja lilipenya juu ya glavu, na mkono umewaka mpaka usiku.

Brashi ya waya wa kawaida sitaki kuiona karibu na rimu hizi. Inaacha vipande vidogo vya chuma ndani ya alumini, na baada ya mwezi utaona madoadoa mekundu ya kutu chini ya rangi mpya. Natumia ya nailoni.

Leo nimemaliza namba 1 na 2.

Jumamosi, 15 Februari

Leo nilianza na namba 3, ile nzuri.

Rangi upande wa nje ilitoka kwa urahisi. Upande wa ndani, nyuma ya spoku mbili, dawa ilipofanya kazi yake hakikutoka ngozi ya rangi tu. Kilitoka kitu laini cha kijivu kama ugali uliolala. Nikakikwangua, kikaendelea kutoka. Ilikuwa puti, ile ya kujazia mabonde kabla ya rangi.

Puti mahali pale haina kazi. Hapaonekani, hakuna anayepamba nyuma ya spoku. Nilikaa chini nikaanza kuitoa polepole kwa ncha ya mbao mpaka ukaonekana mshono: mtu aliwahi kuchomelea hapo, akaukata kwa grenda ukawa sawa na rimu, akapiga puti, akapiga rangi ya fedha. Nikasimama. Rimu hii imekaa nyuma ya gari langu miaka mitatu, na kiti cha nyuma kushoto ndicho mama anachokaa.

Mzee jirani yangu alifanya kazi ya bodi na rangi maisha yake yote kabla ya kustaafu. Nikamwita aje aone. Alinifundisha jambo ambalo sikulijua: mafuta ya taa na chaki. Unasafisha mahali, unapaka mafuta ya taa kwa brashi, unayaacha nusu saa yaingie popote yanapoweza kuingia. Halafu unafuta mpaka pakauke kabisa, unapaka chaki nyeupe juu yake, unagongagonga rimu kwa nyundo ya mbao na kusubiri. Kama kuna ufa, mafuta yaliyojificha ndani yanatoka yenyewe na kulowesha chaki. Viwandani wanafanya hivyohivyo kwa dawa nyekundu na unga mweupe wa kupulizia.

Tulisubiri. Ukatokea mstari, mwembamba kama unywele, kwanza sehemu moja, halafu ukajiunganisha. Ulianzia pembeni mwa mshono wa zamani na kwenda kuelekea kwenye shina la spoku. Nilipopima kwa rula ni sentimita 6.

Mzee alisema, "Mwanangu, huyu aliyeipiga puti alijua. Fundi hapigi puti mahali kama hapa asijue anachokificha."

Zilizobaki tatu nimezipaka mafuta na chaki zote, mbele na nyuma. Hazina kitu. Namba 1 nitairudia ikishanyooshwa.

Jumatatu, 17 Februari

Baada ya kazi nilipitia Gerezani, mtaa wa mafundi, na rimu namba 3 kwenye gunia. Nilikuwa bado na tumaini. Kuna fundi pale nimeambiwa anachomelea alumini vizuri, ana mashine ya argoni, watu wanamletea mpaka masampu ya injini.

"Shikamoo fundi."

"Marahaba. Nipe nione."

Aliigeuza, akapitisha kidole cha gumba kwenye mshono. "Aliyechomelea hapa aliishia juu. Ndani hakufika."

Alinieleza na nikaelewa. Alumini ina ngozi yake, ile oksidi, ambayo haiyeyuki mpaka ivuke nyuzi 2,000, wakati alumini yenyewe inayeyuka kwenye 660. Asiyejua anachoma juu anaona imeyeyuka, kumbe chini ngozi imebaki katikati ya vipande viwili kama karatasi. Na ufa ulioendeshwa umejaa mafuta na uchafu wa barabara ambao hautoki kwa kufuta.

Nikamwuliza, je, wewe ukiifanya upya, ukachimba ufa wote mpaka mwisho?

"Naweza. Itapendeza, utanipa elfu sitini utaondoka. Lakini nguvu ya rimu hii siyo umbo lake tu, ni joto iliyopikwa nalo. Kiwandani wameitia kwenye tanuru, wakaizamisha majini, wakaioka tena. Mimi nikichoma hapa, pembeni ya mshono panakuwa laini. Tanuru la kuirudisha sina. Ingekuwa ukingo wa nje umemeguka kidogo ningekufanyia leo hii. Hapa kwenye spoku, hapana. Gari linapanda nani?"

"Mimi na mama."

"Basi kazi hii usinipe."

Nilikuja kusoma zaidi kuhusu alichosema. Rimu nyingi za kuyeyusha na kumimina zinatengenezwa kwa alumini iliyochanganywa na silikoni, karibu asilimia 7, na magnesi kidogo sana, haifiki hata nusu asilimia. Ni hiyo magnesi kidogo inayofanya kazi kubwa: chuma kinapashwa hadi nyuzi 540 hivi, kinapozwa ghafla, kisha kinaokwa kwa saa kadhaa kwenye nyuzi 150 na kitu, na ndani yake vinajengeka vichembe vidogo mno vinavyozuia chuma kujikunja. Ukikichoma moto tena vichembe hivyo vinavurugika. Fundi wa Gerezani alinieleza haya yote bila kutaja kichembe hata kimoja. Alikataa elfu sitini yangu, na ninamshukuru kuliko mafundi wote waliowahi kupokea hela yangu.

Jumamosi, 22 Februari

Niko Shaurimoyo kwenye maduka ya vipuri toka asubuhi. Kutafuta rimu moja ni kazi kuliko kutafuta nne, maana hakuna anayetaka kuvunja seti. Duka la sita ndipo niliipata: ya Altezza, spoku zilezile, imepakwa nyeusi na mikwaruzo tele. Nyuma imeandikwa 17x7JJ na 50, sawa na zangu, na ina alama ya JWL iliyotoka pamoja na chuma chenyewe. Hiyo 50 ni umbali wa uso wa kufungia kutoka katikati ya rimu kwa milimita. Usiidharau, kwa sababu rimu yenye nati zinazoingia vizuri inaweza kuwa na namba nyingine, tairi likasugua bodi au shoki. JWL ni alama ya kiwango cha Kijapani cha rimu za alumini. Haisemi kwamba rimu bado ni nzima. Inasema ilizaliwa ikiwa nzima.

Nilikuwa na kichupa cha mafuta ya taa na chaki mfukoni. Nikamwambia muuzaji, kaka, nakulipa bei yako, ila niruhusu niipime hapahapa. Kwanza alishangaa, halafu akaleta stuli akakaa kutazama. Nikakwangua rangi nyuma ya kila spoku, nikapaka, nikasubiri nusu saa yake nzima. Safi. Nikaiviringisha kwenye sakafu, haikuyumba kwa macho. Nikalipa 140,000. Wakati naondoka aliniuliza chaki ile ni ya aina gani. Nikampa kipande.

Jioni alipita mnunuzi wa vyuma chakavu na mkokoteni. Aliiona namba 3 imeegemea ukuta, akataka kuinunua nzima, kwa bei nzuri kuliko ya kilo. Nilijua inakokwenda: kwa mtu atakayepiga puti upya. Nikamwambia asubiri. Nilichukua msumeno wa chuma, nikaanza kukata juu ya ule ufa wenyewe. Ilinichukua dakika arobaini.

Ndani ya mkato niliona kitu ambacho nataka kila mwenye rimu za spoti akione. Ufa wa zamani ni mweusi, umelowa uchafu, na alumini iliyokuwa bado inashika inang'aa kama sarafu mpya. Unaweza kusoma historia yake kwa jicho. Theluthi mbili ya unene ilikuwa nyeusi. Kwa miaka mitatu alumini iliyobaki nzima ndiyo iliyokuwa inashika mahali pale, na kila shimo lilikuwa linaipunguza.

Vipande viwili nilimuuzia kwa kilo.

Mama nimemwonyesha picha. Alitazama kimya, kisha akaniuliza kama zilizobaki nimezipima zote. Nikamwambia zote, mama, mbele na nyuma.

Jumamosi, 1 Machi

Kunyoosha namba 1. Kuna gereji wana fremu ya chuma yenye jeki ya haidroliki: rimu inafungwa katikati kama ilivyo kwenye gari, jeki inasukuma kutoka ndani kupitia kipande cha mbao ngumu kilichochongwa kwa umbo la ukingo.

Hofu yangu ilikuwa moto. Alumini haikuonyi. Chuma cha kawaida kinakuwa chekundu, unajua kimepata, lakini alumini inabaki na rangi ileile mpaka inaporomoka. Na ukiinyoosha ikiwa baridi kabisa, alumini ya kumimina si ya kukunjika, inaweza kupasuka. Tulikubaliana ipashwe kidogo, isivuke nyuzi 150. Fundi ana kipimajoto cha kulenga kama bunduki. Nilimwomba kwanza tupake doa la rangi nyeusi ya eksozi karibu na pale penye kupinda, tulenge hapo. Alumini tupu inayong'aa inakidanganya kipimo, inasoma chini sana kuliko joto lenyewe. Tulijaribu: kwenye doa jeusi 140, pembeni yake kwenye alumini tupu 60. Mtu anayelenga pale pa kung'aa ataendelea kuchoma akidhani bado ni baridi. Fundi mwenyewe alisema kuanzia leo doa litapakwa kila rimu.

Kusukuma kidogo, kuachia, kupima, kusukuma tena. Saa nzima na nusu. Kutoka 2.8 tulishuka hadi 0.7, tukaacha hapo. Angetaka kuifikisha sifuri, nikamzuia, maana kila msukumo ni uchovu kwa chuma. Nyumbani mafuta ya taa na chaki tena. Hakuna mstari. Nililala vizuri.

Jumapili, 9 Machi

Kusugua tu, wikiendi nzima. Nimefunga, na kazi hii haihitaji akili nyingi, inafaa Ramadhani.

Mikwaruzo ya ukingo wa nje naiondoa kwa tupa laini, nikifuata mviringo, halafu msasa 120, 180, 240, 320. Siri ni kuipanua kazi: ukisugua pale penye jeraha tu utatengeneza bonde ambalo rangi ya kung'aa italitangaza. Kutu nyeupe pale mdomo wa tairi unapokaa nimeitoa yote mpaka alumini safi. Hapo ndipo namba 1 na namba 4 zilipokuwa zinapitisha upepo. Mashimo yaliyoachwa na vile vizito ni ya kina kidogo, nimeyajaza kwa puti ya epoksi ya vikopo viwili. Ndiyo, puti. Kwenye kasoro ya sura, palipo wazi, inafaa.

Mtu mmoja alinishauri nipeleke zikapigwe mchanga. Mchanga wenyewe ni wa ufukweni. Una chumvi ninayoikimbia, na vumbi lake ni la kuharibu mapafu.

Nilifikiria pia rangi ya unga ya kuokwa, ile wanayopaka fremu za madirisha ya alumini. Ni ngumu kweli. Inaokwa nyuzi 180 hadi 200, na rimu ikitoka kwa wakati hakuna tatizo, hatari ni tanuru kupitiliza au rimu kusahauliwa ndani. Tena alumini ya kumimina ina vitundu vinavyotoa hewa ikipashwa, rangi ikatoka na vipele kama haikuokwa tupu kwanza. Na nikija kukwaruza ukingo, sitaweza kurekebisha mwenyewe uani. Nimechagua rangi ya kupuliza.

Rangi ni fedha, kama ilivyokuwa. Vijana wote wa mtaani wanasema nyeusi. Nyeusi inaficha ufa, inaficha vumbi la breki, inaficha mafuta yanayovuja kutoka kwenye habu. Kwenye fedha, mstari kama ule wa namba 3 utauona siku unapoosha gari.

Jumamosi, 15 Machi

Nimeosha kwa sabuni, nimefuta kwa thina, kisha jaribio la maji: mwaga maji safi juu ya rimu. Yakitandaa kama shuka, ni safi. Yakijikusanya matone matone, kuna mafuta bado, na mara nyingi ni ya vidole vyako mwenyewe. Namba 2 ilinirudisha mara mbili.

Alumini haikai tupu muda mrefu, inajifunika oksidi, kwa hiyo praima ya epoksi inaingia siku hiyohiyo. Nimeziba kwa tepu pale nati zinapokaa na uso wote unaogusana na habu. Pale hapapakwi rangi hata tone. Nati ikikaza juu ya rangi, rangi inasagika taratibu, na nati iliyokuwa imekaza inabaki imelegea.

Praima saa nne asubuhi. Fedha mara tatu, nyembamba, mchana. Zilipendeza.

Halafu nikafanya kosa. Kiu ilinishika, barakoa ya mkaa inabana, nikasema klia, ile rangi ya juu inayoonyesha kama kioo, nitaipiga baada ya futari, kumetulia. Saa mbili usiku, taa ya umeme, upepo kutoka baharini. Mbili za kwanza zilikwenda vizuri. Ya tatu na ya nne, mbele ya macho yangu, klia ikageuka ukungu mweupe kama chai iliyotiwa maziwa.

Jumapili, 16 Machi

Mzee alikuja asubuhi, akatazama. "Ulitumia thina ipi?" Ya kukausha haraka. Akatikisa kichwa. Thina inayoruka haraka inaupoza uso wa rangi, na hewa ya usiku ya pwani imejaa unyevu, kwa hiyo maji yanatua juu ya rangi kabla haijakaza na kunaswa ndani. Dawa yake ni thina ya taratibu na kupuliza kuanzia saa tano asubuhi mpaka saa nane mchana, jua likiwa limeshakausha hewa. Na nisisugue leo. Niiache klia ikaze siku kadhaa kwanza.

Jumamosi, 22 Machi

Msasa 800 kwa maji juu ya namba 3 mpya na namba 4, fedha tena mkono mmoja, klia saa tano na nusu. Mvua ilinyesha alfajiri, jua likatoka saa tatu, nikalitumia lote. Klia hii ina kigumishi ambacho si cha kuchezea, kile kinachoharibu njia ya hewa, na barakoa ya kitambaa haikizuii. Kiu ilikuwa kali nikaivumilia. Saa nane na nusu nilizitazama kwa upande, juani. Zinang'aa. Hakuna ukungu.

Jumatano, 26 Machi

Matairi yamerudi. Kabla ya kuyafunga nilipitisha mkono ndani ya tairi la namba 1 kutafuta nyuzi zilizokatika kwenye lile pigo la shimo. Liko sawa. Valvu mpya zote nne. Fundi alizishika rimu kwa ndani, si kwenye ukingo wa nje, akapaka sabuni ya kutosha, hakuna mkwaruzo.

Balansi: namba 1, ambayo Februari ilidai gramu 95, sasa ni 25. Namba 2 ni 15, namba 3 mpya ni 30, namba 4 ni 20. Nati nilikaza mwenyewe kwa spana ya kupima, kwa kurukaruka kama nyota, nyutonimita 103 kama Toyota inavyotaka.

Jumamosi, 29 Machi

Tumetoka baada ya swala ya alfajiri, tukavuka darajani, si kwa pantoni. Bagamoyo, kisha Msata. Kwenye 85 nililegeza mikono kwenye usukani kidogo tu, nikasubiri. Hakuna kitu. Mama alikuwa ameanza kusinzia.

Msata nilisimama, nikakagua nati zote 20. Mbili za namba 3 zilisogea nusu ya robo ya mzunguko ndipo spana ikalia. Ni kawaida kwa rimu iliyofungwa upya, lakini kama nisingesimama nisingejua. Mama aliamka akaniuliza kuna nini. Nikamwambia nakagua tu, mama, lala. Akashuka kwenye gari akasimama pembeni yangu mpaka nilipomaliza ya mwisho.

Jumapili, 6 Aprili

Tumerudi. Nimeziosha rimu kwa maji baridi, ndani na nje. Sitaacha chumvi ilale juu yake tena. Hakuna kijia cheupe, hakuna mstari. Jiwe limemegua rangi kidogo kwenye spoku moja ya namba 2, nimegusia kwa brashi.

Upepo, baada ya siku kumi na moja: 33, 33, 33, na namba 4 inasoma 31. Jumamosi inarudi kwenye beseni.